Mzinga Mkuukuu, Rangi Mpya

Msikilizaji, mwezi Agosti mwaka 1992 wanamaji wa Korea Kusini, waliokuwa wakipekua sakafu ya bahari karibu na kisiwa cha Hansan, walitangaza kwamba wamepata kitu ambacho taifa lao lilikitamani kwa muda mrefu. Ulikuwa mzinga wa shaba nyeusi, umechorwa maandishi yanayoutaja mwaka 1596, mwaka uleule ambao huku kwetu Mombasa Wareno walikuwa wakimalizia Ngome ya Yesu. Maandishi hayo yalidai kwamba mzinga ulikuwa wa merikebu ya kobe, ile merikebu mashuhuri iliyoezekwa juu, ambayo jemadari Yi Sun-sin aliwapigia nayo Wajapani. Yalijigamba kwamba pigo lake moja linatosha kuizika merikebu ya adui majini. Nani asingefurahi? Wiki chache tu baadaye serikali iliutangaza mzinga huo kuwa Hazina ya Taifa, nambari 274.

Furaha ilidumu miaka minne. Mwaka 1996 waendesha mashtaka, wakiwa katika kufuatilia kesi nyingine kabisa, walidokezewa kwamba ile hazina haikuwa hazina. Walipochimba zaidi waligundua kwamba ulikuwa mzinga wa kughushi, maandishi yamechorwa na watu wa zama hizi, kisha ukatumbukizwa baharini ili "upatikane." Muuza vitu vya kale alihusika, na ofisa wa jeshi la majini aliyesimamia upekuzi alihusika pia. Shaba yenyewe ilipopimwa ilionekana kuwa na zinki nyingi mno kwa mzinga wa enzi ile. Hadhi ikafutwa mwaka huohuo. Tangu hapo, katika orodha ya hazina za taifa la Korea, nambari 274 ilibaki pengo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mazungumzo yetu leo yanahusu mizinga ya kale: inavyouzwa, inavyokarabatiwa, na namna mtu anavyoweza kujua kama anachoonyeshwa ni cha kweli. Najua kuna anayejiuliza, nani siku hizi ananunua mzinga? Wanunuliwa, tena sana. Katika minada ya Uingereza na Marekani mizinga hupigiwa bei pamoja na saa za ukutani na sanamu za marumaru. Wenye hoteli huitaka ikae langoni. Matajiri huitaka bustanini. Na sisi watu wa pwani, kuanzia Siyu na Lamu hadi Kilwa, tumezaliwa tukaikuta imelala mbele ya ngome, watoto wakiipanda na wageni wakiipiga picha. Kwa hiyo habari hii inatuhusu, kama wanunuzi au kama wenye mali.

Rai yangu naiweka mezani mapema. Mzinga uliokarabatiwa si mzinga wa uongo. Mzee aliyewekewa meno ya bandia anabaki kuwa mzee yuleyule, na hakuna wa kumlaumu. Lawama inaanza pale anapoapa kwamba alizaliwa nayo. Ndivyo ilivyo kwa mzinga. Fundi anaruhusiwa kutibu, kuziba na kupaka. Anachokatazwa ni kuficha, na muuzaji anakatazwa kunyamaza.

Lakini kwa nini mzinga ukarabatiwe? Hapa inabidi tuangalie umeundwa na nini. Mizinga ya zamani ni ya aina mbili kuu, ya shaba nyeusi na ya chuma cha kusubu. Ya shaba haishiki kutu; hufanya ukungu wa kijani tu, na maandishi yake hubaki yanasomeka kwa karne nyingi. Tatizo lake ni kwamba shaba ilikuwa ghali, na mzinga uliochoka au uliotekwa mara nyingi ulirudishwa kalibuni, ukayeyushwa, ukazaliwa mzinga mwingine. Ndiyo sababu iliyosalia ni adimu. Ya chuma ilikuwa rahisi. Mwaka 1543, katika kijiji cha Buxted huko Sussex, Uingereza, mafundi walifanikiwa kusubu mzinga wa chuma kipande kimoja, na kuanzia hapo chuma kikaenea baharini kote. Mizinga mingi utakayoikuta sokoni leo ni ya chuma, na chuma ndicho kinachotafunwa na chumvi.

Sikiliza namna bahari inavyofanya kazi. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi ndani yake. Kikikaa baharini miaka mingi, chuma chenyewe huyeyuka polepole na kuondoka, lakini kaboni hubaki imeshikilia umbo. Kwa nje utaona mzinga kamili, wenye mapete yake na mdomo wake, hata herufi zake. Ukiupima, umepungua uzito; ukiukwaruza kwa ukucha, ngozi ya juu ni laini. Na hatari kubwa huja unapoutoa majini. Chumvi iliyojificha ndani hukutana na hewa, kutu mpya inafura, na mzinga uliokaa salama miaka 200 chini ya bahari hupasuka na kubanduka vipande juu ya nchi kavu.

Tiba ipo, ila si ya haraka. Mzinga hutumbukizwa katika tangi la maji yaliyotiwa magadi makali, kisha hupitishiwa umeme mdogo wa kuivuta chumvi itoke. Kazi hiyo huchukua miezi, na kwa mzinga mkubwa huchukua miaka. Baada ya hapo unaoshwa, unakaushwa, unapakwa dawa ya kuzuia kutu na kufunikwa kwa nta. Sasa akija mtu akakuambia, "Huu tumeutoa baharini mwezi uliopita, tumeusugua kwa brashi ya waya, uko tayari," mambo ni mawili: ama haukutoka baharini, ama umetoka baharini na utakufia mikononi.

Linganisha kisa cha Korea na kingine. Tarehe 11 Juni 1770, merikebu ya Endeavour ya nahodha James Cook ilipanda mwamba katika matumbawe makubwa ya mashariki mwa Australia. Ili kuipunguzia uzito, mabaharia walitupa majini vitu vingi, ikiwemo mizinga sita. Tukio liliandikwa kwenye kumbukumbu za safari siku zilezile. Karibu miaka 200 baadaye, mwaka 1969, msafara wa watafiti kutoka Philadelphia ulifika hapo na vifaa vya kunusa chuma, ukaikuta mizinga sita imefunikwa na matumbawe. Ilipelekwa Melbourne, ikavuliwa matumbawe, ikatibiwa kwa umeme, na leo imetawanyika katika makumbusho ya nchi mbalimbali, Australia, New Zealand na Uingereza zikiwemo.

Mizinga ya Endeavour imekarabatiwa zaidi sana ukilinganisha na ule wa Korea. Imepita kwenye matangi, umeme na dawa. Hata hivyo hakuna anayeitilia shaka. Kwa nini? Kwa sababu karatasi zilitangulia mzinga. Mahali palijulikana kabla, idadi ilijulikana kabla, na kila hatua ya tiba iliandikwa. Ule wa Korea ulikuwa na ushahidi mmoja tu, maandishi yaliyochorwa juu yake wenyewe. Ulijishuhudia. Na shahidi wa nafsi yake, msikilizaji, hata mahakamani hatoshi.

Haya, tuseme umesimama uani kwa dalali, na mbele yako kuna mzinga mweusi unaong'aa. Mazungumzo huwa hivi:

"Mzee wangu, huu ni wa Mreno."

"Mreno yupi, mwanangu?"

"Mreno wa zamani, mzee."

Sisi watu wa pwani tuna udhaifu huo. Kisima kikuukuu ni cha Mreno, ukuta uliobomoka ni wa Mreno, na mzinga wowote ni wa Mreno. Lakini pwani hii imepitiwa na wengi. Ngome ya Yesu peke yake ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ikachukuliwa na Waomani mwaka 1698, ikarudi kwa Wareno kwa muda mfupi mwaka 1728, na mwaka 1875 ikapigwa mizinga na manowari za Waingereza. Kila aliyepita alikuja na silaha zake, nyingine alizinunua, nyingine aliziteka. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza jina la mwenyewe. Anza kwa kuutazama mzinga.

Kwanza tafuta alama. Mzinga wa Kiingereza wa karne ya 18 mara nyingi una nembo ya mfalme mgongoni. Ukiona herufi G na R zimesukwa pamoja na tarakimu 3 katikati, huyo ni George wa tatu, aliyetawala kuanzia 1760 hadi 1820. Alama ya mshale mpana ni mali ya serikali ya Uingereza. Mzinga wa kampuni ya Waholanzi ya biashara ya Mashariki una herufi V, O na C zilizounganishwa. Mzinga wa kifalme wa Kireno huwa na ngao yenye ngao tano ndogo ndani yake. Kisha tazama pembeni, kwenye yale magogo mawili mafupi yanayoushikilia mzinga juu ya gari lake. Hapo ndipo wasubu wengi walipotia alama ya kiwanda. Herufi F inaweza kukupeleka Finspång, Sweden, kiwanda kilichowauzia Waholanzi mizinga mingi sana. Jina la Carron linakupeleka karibu na Falkirk, Scotland, kwenye kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1759.

Ukishasoma alama, ifungue hadithi ya dalali uiweke kando yake. Akisema mzinga huu ulishushwa na Vasco da Gama, aliyefika pwani yetu mwaka 1498, na wewe umeona jina la Carron, basi hadithi imekufa hapohapo. Angalia lakini: kilichokufa ni hadithi. Mzinga wenyewe unaweza kuwa mzinga halali kabisa wa karne ya 18, wenye thamani yake. Huu ndio udanganyifu ulioenea kuliko wote katika biashara hii, mzinga wa kweli uliovishwa historia ya uongo. Kughushi mzinga mzima kunahitaji kalibu, tanuri na tani ya chuma. Kughushi hadithi kunahitaji ulimi tu.

Pili, tafuta uzito. Waingereza walikuwa na desturi nzuri ya kuuandika uzito wa mzinga juu ya mzinga wenyewe, kwa namba tatu zilizotenganishwa. Namba ya kwanza ni mafungu ya ratili 112, ya pili ni mafungu ya ratili 28, na ya tatu ni ratili zilizobaki. Ukikuta 17, 2, 14, fanya hesabu: 17 mara 112 ni 1,904, ongeza 56, ongeza 14, jumla ratili 1,974, yaani karibu kilo 895. Sasa uweke kwenye mizani. Ukikaribia uzito huo, umepata ushahidi ambao si rahisi kuupika. Ukiwa mwepesi kidogo na muuzaji anasema ulitoka baharini, inaingia akilini, maana bahari imekula sehemu yake. Lakini akisema ulikaa baharini karne mbili, na uzito haujapungua hata kidogo, na ngozi yake ni ngumu kila mahali, mwombe akusimulie upya, pole pole.

Tatu, ingia ndani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka mzinga sharti achungulie mdomoni. Chukua tochi na ufito mrefu. Mzinga uliotengenezwa kwa ajili ya vita una tundu linalokwenda hadi karibu na kitako. Ule wa pambo mara nyingi umetobolewa kidogo tu mbele, ya kutosha kukudanganya kwa macho. Pima upana wa mdomo pia. Mizinga ilipangwa kwa uzito wa tufe lake: tufe la chuma la ratili 9 lina kipenyo cha sentimita 10 na kitu, na mdomo huzidi tufe kidogo ili lipite. Ukikuta upana usiolingana na tufe la uzito wowote unaojulikana, una sababu ya kuuliza. Na ukiona ndani pamevishwa bomba la chuma laini la kisasa, jua kwamba huo ni mzinga wa siku hizi, uliotengenezwa kwa ajili ya maigizo ya vita na milio ya sherehe.

Sasa rudi juu ya kitako utafute tundu dogo la kuwashia baruti. Lazima lifike ndani. Pitisha waya mwembamba. Ukigonga mwisho baada ya sentimita mbili, hilo ni shimo la kuchora tu. Lakini tundu pana lililoliwa na moto ni jambo la kawaida kwa mzinga uliofanya kazi, tena ni sifa.

Nne, tembeza mkono kuanzia mdomoni hadi kitakoni, upande wa kulia na wa kushoto. Kama kuna mstari ulionyooka unaoukata mzinga kwa urefu wake wote, umegusa mahali ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Kalibu za udongo za zamani zilijengwa nzima kuuzunguka mfano, hazikuacha mstari wa namna hiyo. Viwanda vya mapambo vya leo huuacha, na fundi mwerevu huusaga kwa grenda. Basi tafuta mstari, na kama huuoni, tafuta alama za grenda.

Tano, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, zitazame herufi pamoja na ngozi inayozizunguka. Kutu haibagui. Kama ngozi ya mzinga imejaa vishimo, herufi nazo lazima ziwe zimeliwa, kingo zake zimelegea, sehemu nyingine zimefutika. Ukikuta herufi kali zenye kona safi juu ya ngozi iliyochakaa, mtu amezichonga baadaye. Labda amezichonga upya pale zilipokuwepo, labda amezibuni. Vyovyote iwavyo, ni kalamu ya leo juu ya karatasi ya jana. Na kutu yenyewe ikague. Kutu ya umri haikai sawa kila mahali. Ubavu uliolala mchangani una sura yake, ulioelekea jua una yake. Kutu iliyoletwa kwa chumvi na asidi ndani ya wiki moja huwa imeenea sare, kama imepigwa deki.

Hapo ndipo tunapofika kwa fundi mkarabati, na hapa lazima niseme kwa ukali kidogo. Mizinga mingi ya kweli imeharibiwa na watu wenye nia njema. Mtu amepata mzinga wenye kutu, anaupeleka kwenye karakana ya magari, unapigwa mchanga kwa mashine ya upepo mpaka unang'aa. Pamoja na kutu imeondoka nembo ya mfalme, umeondoka uzito ulioandikwa, imeondoka alama ya msubu. Vishimo vinajazwa puti, rangi nyeusi inapigwa mara tatu, na mzinga unarudi umependeza. Umependeza na umekuwa bubu. Hauwezi tena kujieleza, na mnunuzi makini hana njia ya kuutofautisha na ule uliotoka kiwandani mwaka jana. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; kwenye mizinga ya kale mambo hugeuka, na mwenye vishimo na makovu anayesomeka huuzwa ghali kuliko mrembo asiye na la kusema.

Simaanishi kwamba rangi ni haramu. Mizinga ya chuma ilipakwa rangi hata enzi zake, ili kuilinda na hewa ya bahari. Wala gari jipya la mbao si dosari. Mbao za zamani zimeoza, na karibu kila mzinga utakaouona mnadani umekalia gari lililochongwa juzi. Kanuni wanayoifuata wahifadhi wa makumbusho ni rahisi: fanya kile kinachoweza kuondolewa kesho bila kuumiza kitu cha asili, na andika ulichofanya. Nta inaondoka. Rangi inaondoka. Herufi iliyochongwa haiondoki.

Tena tutofautishe mabadiliko ya aina mbili. Kuna yale yaliyofanyika mzinga ukiwa kazini, na kuna yale yaliyofanyika mzinga ukiwa sokoni. Mfano mzuri tunao nyumbani. Manowari ya Kijerumani ya Königsberg iliangamia katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliitoa humo mizinga yake kumi mikubwa ya sentimita 10.5, wakatengeneza magari ya magurudumu Dar es Salaam, wakaivuta nchi kavu na kupigana nayo miaka mingine. Mmoja wa mizinga hiyo uko Ngome ya Yesu, Mombasa. Sasa silaha ya melini kuwekewa magurudumu ni kuharibu uasili wake? Hapana. Magurudumu yale ni sura ya pili ya maisha yake, yanasimulia vita vilivyotokea kweli. Lakini leo fundi akiutwaa mzinga wa merikebu ya biashara, akautia magurudumu ili auuze kama mzinga wa vita vya nchi kavu, amefanya kazi ileile ya mikono kwa nia nyingine, na kazi yake ni ulaghai.

Mfano wa pili ni ile mizinga miwili ya shaba iliyokaa miaka mingi mbele ya jumba la Beit el Ajaib, Unguja. Ina nembo ya ufalme wa Ureno, na ina maandishi ya Kiajemi yanayosimulia kutekwa kwa Hormuz mwaka 1622, Waajemi wa Shah Abbas walipowafukuza Wareno wakisaidiwa na meli za Waingereza. Baadaye ilipita mikononi mwa Waomani ikaletwa Unguja. Hebu fikiri kama mmoja wa wenyewe wale wa katikati angetaka mzinga wake uwe "safi," wa Kireno mtupu kama ulivyotoka kalibuni, akasaga maandishi ya Kiajemi. Angeurudisha kwenye hali yake ya asili, na angekuwa ameua nusu ya thamani yake. Ukarabati unaofuta maisha ya kitu ili kukirudisha siku yake ya kuzaliwa ni hasara iliyovaa nguo za usafi.

Sasa nina neno kwa wauzaji, maana nisije nikaonekana nimewakalia kikao. Biashara hii ni halali katika nchi nyingi na ina watu waaminifu. Muuzaji mwaminifu hutoa karatasi inayojibu mambo manne: alama zipi zinaonekana na ziko wapi, mzinga ulitoka kwa nani na lini, kwa kadiri inavyoweza kuthibitishwa, kipi ni cha asili na kipi ni kipya, kuanzia gari hadi kifuniko cha mdomo, na ukarabati gani umefanyika, na nani aliufanya. Pamoja na karatasi hiyo anaweka picha za kabla ya ukarabati. Picha hizo ni mtaji. Mafundi wengi huzitupa kwa sababu ni mbaya, kumbe zile picha za mzinga ukiwa mchafu ndizo zinazomthibitishia mnunuzi kwamba chini ya rangi kuna kitu.

Na yale asiyoyajua, muuzaji mwaminifu hayajazi kwa makisio. Katika orodha za minada mikubwa utaona mzinga mmoja umeelezwa kuwa ni wa karne ya 18, na wa pili kuwa umetengenezwa kwa mtindo wa karne ya 18. Tofauti ni maneno mawili, na bei mbinguni na ardhini. Anayeuza kitu cha mtindo akakiita cha mtindo hajamkosea mtu. Mzinga wa pambo unaotajwa kuwa ni pambo una mnunuzi wake, na huyo mnunuzi atalala usingizi.

Kuna jambo jingine ambalo halihusu fedha, linahusu roho. Mwaka 2013 wahifadhi wa Central Park jijini New York walikuwa wakisafisha kutu kwenye mzinga wa merikebu ya Kiingereza ya Hussar, iliyozama mwaka 1780. Mzinga huo ulikuwa umeonyeshwa hadharani miaka na miaka. Walipoufungua mdomo wakakuta tufe, kizibo na baruti, umeshindiliwa tayari kupigwa. Polisi wa mabomu ndio waliokuja kuimaliza kazi. Na mwaka 2008, huko Virginia, mkusanyaji wa vitu vya vita aliuawa na kombora la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kombora lenye umri wa zaidi ya miaka 140, alipokuwa akilisafisha. Kwa hiyo kabla hujawasha grenda, kabla hujachomelea, kabla hujautia moto ili rangi ishike, hakikisha mzinga ni mtupu. Ukipima urefu wa ndani na urefu wa nje na ukakuta tofauti kubwa isiyoelezeka, acha kazi hapohapo uwaite wenye ujuzi. Baruti haistaafu.

Mwisho, sheria. Nchini Kenya, kwa sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 kinahesabiwa kuwa cha kale, na kukisafirisha nje kunahitaji kibali. Tanzania Bara sheria ya mambo ya kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa mwaka 1979, na kwa vitu vilivyotengenezwa na binadamu mpaka wake ni mwaka 1863. Karibu kila mzinga wa kuwashwa kwa baruti ulioko pwani yetu unaingia humo. Kwa hiyo wewe mvuvi ambaye nyavu zako zimenasa kwenye mzinga mwambani, au wewe mjenzi uliyeugonga ukichimba msingi, usimkubali mnunuzi wa chuma chakavu na usimkubali mnunuzi wa hoteli. Usiutoe majini pia. Umeshasikia kinachoupata ukikauka. Weka alama mahali, piga picha, toa taarifa kwa ofisi ya makumbusho au ya mambo ya kale iliyo karibu nawe. Mzinga ulioachwa pale ulipolala bado una ushahidi wake wote: mwelekeo wake, vilivyo jirani yake, merikebu iliyoubeba. Ukishafika uani kwa dalali ushahidi huo umekwisha, na hakuna rangi ya kuurudisha.

Nimalizie kwa ushauri mmoja wa kwenda nao sokoni, uwe unanunua mzinga, mlango wa Kizanzibari au saa ya babu. Muulize muuzaji, "Kipi hapa ni kipya?" Usiulize kipi ni cha zamani, hilo kila muuzaji ana jibu lake tayari. Akikuonyesha kipya kimoja baada ya kingine bila kusita, kaa chini mzungumze bei. Akikuapia kwamba hakuna kipya hata kimoja, kwenye kitu chenye umri wa miaka 250, mshukuru kwa chai yake na uende zako.